Fundi wa Picha Anajibu: Mshale mmoja umemeza picha zangu zote

Barua za safari hii zimekuja kama vile wenyewe mlikaa mkapanga. Karibu zote zinahusu kushughulikia picha nyingi kwa mkupuo, kwa kuandika amri badala ya kubofyabofya. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu mwenyewe yumo kwenye shimo ambalo na mimi niliwahi kutumbukia.

SWALI

Shikamoo Mama. Nina folda yenye picha 2,140 za kamera na nilitakiwa kuzipunguza zote zisizidi pikseli 1600. Nilianza kufungua moja moja, napunguza, nahifadhi, nafunga. Siku ya pili nilikuwa nimefika ya 170 na kidole kinawaka moto. Rafiki akanielekeza ImageMagick, programu ya kushughulikia picha kwa amri, nikaandika hivi kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

```
for f in *.jpg; do mogrify -resize 1600x1600> "$f"; done
```

Ilimaliza upesi mno, nikashangilia. Kufungua folda, kila faili lina baiti 0. Majina yapo, picha hakuna. Nimekosea wapi? Na je, ndiyo basi tena?

*Aliyeishiwa nguvu*

JIBU

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, ondoa mikono kwenye hiyo kompyuta. Usinakili kitu kwenye diski hiyo, usipakue programu humo, usihifadhi hata barua. Faili likikung'utwa hadi baiti 0, kinachopotea papo hapo ni kumbukumbu ya mahali data ilipokaa. Data yenyewe inaweza kubaki pale pale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na kila unachohifadhi sasa kinaweza kuwa ndicho hicho.

Kama kadi ya kamera bado unayo na hujaifomati, pumua, chukua picha upya humo. Hata kama uliifuta, ijaribu kwanza kadi kabla ya diski. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec. Haisomi majina ya mafaili kabisa. Inapita diski kipande kwa kipande ikitafuta alama zinazofungua faili la JPEG, yaani baiti FF D8 FF, kisha inaokota kuanzia hapo. Majina ya zamani hayatarudi, ila picha nyingi zinaweza kurudi. Zihifadhi kwenye diski nyingine, siyo ile ile unayoiokoa. Kama diski yako ni ya SSD, sitakudanganya: matumaini ni madogo, kwa sababu mfumo huiarifu diski ni nafasi zipi zimeachwa na diski huzisafisha yenyewe kimyakimya.

Sasa kosa lako. Ni dogo kiasi cha kukera.

Ule mshale, `>`, kwa ImageMagick una maana nzuri sana: punguza zile zilizozidi kipimo tu, ndogo ziache kama zilivyo. Ulifanya vyema kuukumbuka. Shida ni kwamba amri yako haifiki kwa ImageMagick moja kwa moja. Mlangoni amekaa bawabu anayeitwa sheli (hapana, siyo ya mafuta). Yeye ndiye anayeusoma mstari kwanza, na kwake mshale ule una maana nyingine kabisa: matokeo ya amri hii yamwage kwenye faili linalofuata. Ili amwage, hulifungua faili na kulikung'uta kwanza, kabla hata hajaiita programu yenyewe. Basi akasoma `1600x1600`, akakutana na mshale, mbele yake akakuta `"$f"`, yaani picha yako, akaikung'uta. Ndipo akamwita mogrify, mfanyakazi wa ImageMagick, ambaye alifika mikono mitupu, hana picha hata moja ya kupunguza. Ndiyo sababu ilimalizika upesi. Siku nyingine ukiona picha 2,140 za kamera zimekwisha kabla hujanyanyuka kitini, usishangilie, ogopa.

Ungefunga kipimo ndani ya alama za kunukuu, `'1600x1600>'`, bawabu angekipitisha bila kukigusa. Lakini hata hapo nisingekuachia, kwa sababu mogrify huandika juu ya picha ile ile uliyompa. Haulizi wala haachi nakala.

Mimi nilikulia kwenye chumba cha giza. Miaka kumi na moja chini ya taa nyekundu, vidole vinanuka dawa. Kule ukiharibu chapa unatupa karatasi na kuchapa nyingine, maana negativu, ile filamu yenye picha ya asili, iko salama kwenye bahasha yake. Hakuna fundi aliyekuwa anachora juu ya negativu. Nilipohamia kwenye kompyuta nikadhani hekima hiyo nimekuja nayo. Kumbe wapi. Mteja mmoja alitaka picha zake 312 ziwe ndogo za kutumiana kwenye simu, nikapiga mogrify yenye upana wa 640, zikawa ndogo kweli. Wiki mbili baadaye akarudi anataka moja ichapwe ukubwa wa ukutani. Nikafungua folda: 640, 640, 640, mpaka mwisho. Ile sura yake sijaisahau, na hela yake nilimrudishia bila yeye kuomba.

Kwa hiyo nakupa skripti isiyogusa negativu. Iandike kwenye faili, liite `punguza.sh`, liweke ndani ya folda yenye picha:

```
#!/bin/bash
shopt -s nullglob nocaseglob
mkdir -p ndogo
for f in *.jpg *.jpeg; do
  magick "$f" -auto-orient -resize '1600x1600>' -quality 85 "ndogo/$f"
done
```

Kisha, ukiwa ndani ya folda hiyo, iendeshe kwa `bash punguza.sh`. Kama kompyuta inasema haijui `magick`, basi una toleo la 6 la ImageMagick. Weka `convert` mahali pake, mengine yote yabaki.

Mstari wa `shopt` unaonekana kama pambo lakini ni wa maana. Kamera nyingi huandika mkia wa jina kwa herufi kubwa, `.JPG`, na kwa bawabu wetu `*.jpg` na `*.JPG` ni watu wawili tofauti. `nocaseglob` humwambia asibague. `nullglob` humwambia asipopata kitu anyamaze, asitufanyie faili la kubuni lenye jina la nyota. Zile alama za kunukuu kwenye `"$f"` usiziondoe hata ukiona zinajaza nafasi tu. Bila hizo, faili lenye jina `picha ya mama.jpg` linakuwa mafaili matatu yasiyokuwepo.

Ubora wa 85 ni uchaguzi wangu. Kwa picha za kuangaliwa kwenye kioo sijawahi kumwona mtu akilalamika. Usiweke 100 kwa kudhani hutapoteza kitu. JPEG hupoteza tu, kila inapohifadhiwa, hata kwenye 100, maana huigawa picha katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kukadiria kilichomo ndani ya kila kimoja. Utapata faili nzito na hasara iko pale pale.

Kabla ya kuiendesha kwenye zote, tia neno `echo` mbele ya `magick`. Hapo amri hazitatekelezwa, zitachapwa tu kwenye kioo, nawe utazisoma kwa macho yako. Ukiridhika, toa `echo`, nakili picha tano kwenye folda ya majaribio, endesha huko, zifungue na kuzitazama. Tano tu. Mimi mpaka leo nafanya hivyo, na mpaka leo kati ya zile tano huwa inapatikana moja ya kunishangaza.

SWALI

Binti yangu, mimi ni mzee mstaafu, nimejifundisha amri hizi mwenyewe. Nilitaka kuondoa taarifa za mahali picha zilipopigwa kabla ya kuwapa watu, nikatumia `-strip` ya ImageMagick. Taarifa zimeondoka, lakini sasa karibu theluthi ya picha zimelala ubavu kama wagonjwa, na baadhi rangi zimefifia. Kwenye folda ya zamani zimesimama vizuri tu.

*Babu wa terminali*

JIBU

Shikamoo Babu. Nimefurahi kusikia "folda ya zamani", maana yake negativu zako zipo. Tukiwa na hizo, kilichobaki ni marekebisho tu.

Ukiishika kamera wima, haizigeuzi pikseli. Inazihifadhi zikiwa zimelala vile vile, kisha inaandika namba pembeni, kwenye taarifa zinazoitwa EXIF: 1 ni sawa, 3 ni kichwa chini, 6 na 8 ni zile za ubavu, huu na ule. Programu ya kutazamia inasoma namba na kukusimamishia picha bila wewe kujua. `-strip` imefuta taarifa zote, mahali na namba kwa pamoja. Picha hazijageuka, Babu. Zimelala hivyo tangu siku ya kwanza, ila aliyekuwa anazinyanyua ameondoka.

Dawa ni kuweka `-auto-orient` mwanzoni, mara baada ya jina la picha. Hiyo inazigeuza pikseli zenyewe kadiri namba inavyotaka, na baadaye namba ikifutwa hakuna kinachoanguka.

Za rangi nazo ni kazi ya `-strip` huyo huyo. Hufuta pia wasifu wa rangi, yale maelezo yanayoiambia kompyuta hii nyekundu ni nyekundu ya kipimo gani. Picha iliyohifadhiwa kwa kipimo cha rangi kama Adobe RGB au Display P3 ikikosa maelezo hayo husomwa kama ya kawaida, na rangi zinapauka. Kama unachotaka ni kuficha mahali tu, achana na `-strip`, tumia ExifTool, programu ya kusoma na kubadili taarifa hizo za EXIF, kwenye nakala:

```
exiftool -gps:all= nakala/
```

Hiyo inaondoa mahali na kuacha mengine yote. Angalizo moja: ExifTool ni mstaarabu, huacha faili la awali pembeni likiwa na mkia `_original`. Humo mahali bado pamo. Usije ukawapa watu folda nzima na siri ikasafiri ndani ya mkia.

SWALI

Mama, tulikuwa wapiga picha watatu kwenye shughuli moja. Kamera mbili zinatoa majina yanayofanana, IMG_0001 na kuendelea, na saa ya kamera ya tatu ilikuwa nyuma kwa saa moja na nusu. Ninataka zote zipangane kwa mfuatano wa tukio. Nimeanza kuziburuta kwa mkono nimechoka.

*Wa kamera ya pili*

JIBU

Ungeendelea kuburuta, kompyuta ingekuuliza "faili lipo, liandikwe juu?", nawe kwa uchovu ungebonyeza ndiyo. Afadhali umeniandikia. Weka picha za kila kamera kwenye folda yake: `a`, `b`, `c`. Zisichanganywe bado. Na fanya haya kwenye nakala, negativu zikae kwenye diski nyingine.

Anza kwa kurekebisha saa ya ile ya tatu:

```
exiftool '-AllDates+=1:30' c/
```

Hakikisha kwanza kuwa ilikuwa nyuma na siyo mbele. Tafuta tukio moja ambalo nyote mmelipiga, tuseme mtu anapuliza mshumaa, ulinganishe saa za picha mbili. Ikiwa ilikuwa mbele, alama ni `-=`. Halafu yale ya `_original` yaondoe kwenye folda ya nakala, la sivyo yatakuchanganya baadaye.

Sasa majina. Usiandike namba kwa mkono. Muda wa kubonyeza kitufe umo ndani ya kila picha, na unaweza kuugeuza kuwa jina:

```
exiftool -d 'zote/%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e' '-TestName<DateTimeOriginal' a b c
```

Hili ni jaribio. `TestName` inakuonyesha jina la zamani na jipya bila kubadili chochote. Ukiridhika, weka `FileName` mahali pa `TestName`, na picha za kamera zote tatu zitahamia kwenye folda moja, `zote`. Kile kijipande `%%-c` ndicho mlinzi wako: picha mbili zikipigwa sekunde moja, ya pili inapewa -1 mwishoni, haimezi ya kwanza. Baada ya hapo mwaka umetangulia, unafuata mwezi, siku, saa, kila kimoja kwa tarakimu kamili, na mpangilio wa kialfabeti unakuwa ndio mfuatano wa tukio. Ungeziita picha_1, picha_2 hadi picha_10, hiyo ya 10 ingeweza kukaa mbele ya ya 2, kwa kuwa sehemu nyingi kompyuta hulinganisha herufi kwa herufi na 1 hutangulia 2. Hapo ndipo unapoona mtu anakata keki kabla hajaingia ukumbini.

Picha ambazo wenzako walikutumia kwa programu za ujumbe mara nyingi zinafika zimenyang'anywa tarehe yake. ExifTool itazilalamikia na kuziacha na majina yao. Waombe walete mafaili ya kamera yenyewe, usianze kukisia.

SWALI

Kwa heshima, Mama: kompyuta yangu ina RAM ya GB 8. Niliona mtandaoni kwamba `xargs -P 16` inafanya kazi kumi na sita kwa wakati mmoja. Nikaiunganisha na magick. Kipanya kikaganda, nikazima kwa kitufe. Je, ImageMagick ni mbovu?

*Mwenye haraka*

JIBU

Siyo mbovu, mwanangu, ina njaa. Na ni mzee mwenye historia: John Cristy aliianza mwaka 1987 akiwa DuPont, ikatolewa kwa watu wote mwaka 1990. Huenda inakuzidi umri.

Hebu tupige hesabu. Faili la JPEG la MB 8 linadanganya macho, maana limefungashwa. Likifunguliwa, ImageMagick inaweza kutumia hadi baiti 16 kwa kila pikseli, kutegemea ilivyoundwa. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli milioni 24. Zidisha: MB 384 kwa picha moja. Mara 16, ni zaidi ya GB 6, na bado hujahesabu nafasi ya picha ndogo inayotengenezwa wala kivinjari ulichoacha wazi. Kompyuta ikaanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na hapo ndipo kipanya kilipoganda.

Weka 4, na kila kazi itumie uzi mmoja, kwa sababu ImageMagick yenyewe nayo hujigawa ndani kwa ndani:

```
export MAGICK_THREAD_LIMIT=1
mkdir -p ndogo
find . -maxdepth 1 -iname '*.jpg' -print0 |
  xargs -0 -P 4 -I{} magick -define jpeg:size=3200x3200 {} \
  -auto-orient -resize '1600x1600>' -quality 85 ndogo/{}
```

Hicho kipande cha `jpeg:size` ndicho kitakachokupa haraka uliyoitafuta, kuliko ile 16. Kinamwambia msomaji wa JPEG asiifungue picha nzima kama ni kubwa mno, aisome ikiwa tayari imepunguzwa, ili mradi isishuke chini ya kipimo hicho. Njaa inapungua na saa zinapungua. `-print0` na `-0` zinakwenda pamoja, ni kwa ajili ya majina yenye nafasi. Ukiondoa moja, ondoa kwa majuto.

Na kwa kuwa ulizima kwa kitufe, huenda kwenye `ndogo` kuna picha zilizokatika katikati, juu sura ya mtu, chini kijivu. Futa folda ya `ndogo` yote na uanze upya. Hizo ni chapa tu.

SWALI

Natumia Windows. Nikiandika `convert picha.jpg picha.png` inanijibu mambo ya diski. Nimejaribu kuongeza maneno mengine, bado. Inataka nini?

*Msomaji*

JIBU

Inataka diski. Windows ina `convert` yake mwenyewe, ambayo kazi yake ni kubadili mfumo wa diski kutoka FAT kwenda NTFS, na mara nyingi ndiyo inayoitika kwanza ukiita jina hilo. Andika `magick picha.jpg picha.png`. Na tafadhali acha kuiongezea maneno ukitafuta litakaloikubalisha.